Chumba cha Kwanza cha Bi Hamisa

Manundu, Korogwe
12 Februari 2001

Salaash mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Shukuru. Tumefika salama, sisi wawili na godoro letu juu ya basi. Dada yangu Yusta ana nyumba nzuri ila hana godoro la mgeni, ndiyo maana nikabeba langu, ingawa pale stendi ya Chanika watu walinitazama kama nahamisha kijiji kizima.

Nilikuahidi kukuandikia kila kitu, kwa kuwa wewe ndiye uliyebaki na karakana ya marehemu mume wangu. Kituo chenyewe cha mafunzo kiko nyuma ya kanisa. Kompyuta ni chache, kwa hiyo tunakaa wawili wawili. Wenzangu ni vijana waliomaliza kidato cha nne, na siku ya kwanza waliponiona mlangoni walidhani nimekuja kupika chai. Mwalimu wetu ni Abdi, kijana wa Tanga, mpole, lakini akifundisha anasahau umri wa mtu. Kile kidude cha kushika mkononi, wanachokiita mausi, nilikishika kwa nguvu mpaka akaniambia, "Mama, legeza. Hapa hubani mbao na jiriwa." Vijana wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Kinachofundishwa ni kuchora nyumba kwa ndani. Unaanza kwa mistari kama ramani inayotazamwa kutoka juu: ukuta, mlango, dirisha. Halafu unaziambia kuta zisimame, nazo zinasimama. Baada ya hapo unaweka kitanda, kabati, pazia, rangi, na unaweza kuingia ndani ukatazama kabla fundi hajachanganya hata udongo. Nilipoona kuta zinainuka kwa mara ya kwanza nilikiachia kile kidude. Yule kijana niliyekaa naye akaniuliza kama naumwa.

Unakumbuka alivyosema Bi Hamisa tulipomfuata kwenye gesti yake anayoijenga? "Marehemu Fransisko nilimwamini kwa mdomo tu. Akisema kabati litakuwa hivi, linakuwa hivyo. Wewe Grasiana nakujua kwa msasa na vitambaa vya makochi. Nionyeshe chumba kabla hakijawa chumba." Na wale mafundi wa Tanga wamekwisha kumwonyesha picha zao za kompyuta. Tukipata kazi ya vyumba vyake, karakana itasimama imara. Tukikosa, sijui tutamjibu nini shemeji Ponsiano, ambaye tangu msiba anauliza kama jengo la mdogo wake linazalisha au limekaa tu.

Kwa hiyo naomba unipimie kile chumba cha kwanza, cha karibu na ngazi. Nitumie vipimo mapema. Mwalimu amekubali nikifanye kuwa zoezi langu.

Jana dada aliniletea chai, nikashtukia naipuliza juu juu. Haikuwa ya moto. Fransisko ndiye aliyekuwa akipuliza vumbi la mbao kwenye chai, hata Jumapili nyumbani ambako vumbi halikuwapo. Sikujua kama na mimi nimeichukua tabia hiyo.

Ni mimi,
Mama Shukuru


Chanika, Handeni
25 Februari 2001

Mama Shukuru,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma mara kadhaa. Msalimie sana Shukuru, mwambie paka wake anakula vizuri kuliko mimi.

Hapa hatujambo. Karakana ipo mahali pake. Kazi ni za kawaida za msimu huu, usiwe na wasiwasi.

Chumba cha Bi Hamisa nimekipima. Nimeona nitumie njia ya marehemu aliyotumia akienda vijijini: nimekata ufito wa mkole, nikaumenya gome, nikauwekea alama mbili. Nakutumia ufito wenyewe. Upime kwa futi huko, halafu uhesabu hivi: ukuta mrefu, ule wa mkabala na mlango, ni ufito mzima mara tatu. Ukuta mfupi ni ufito mzima mara mbili, na kipande cha kuanzia chini mpaka alama ya kwanza. Upana wa mlango ni kuanzia chini mpaka alama ya pili. Dirisha liko katikati ya ukuta mrefu na upana wake ni ufito mzima.

Nimempa Afisa, konda wa basi la asubuhi. Ameuweka nyuma ya kiti cha dereva, kwa sababu aliogopa juu ya basi utaanguka.

Nakuombea masomo mema. Mimi sijui kompyuta, lakini najua wewe ukishika kitu hukiachi.

Kijana wako,
Salaash


Manundu, Korogwe
11 Machi 2001

Salaash mwanangu,

Ufito nimeupata. Afisa alinikabidhi pale stendi akasema, "Mama, fimbo yako hii," nami nikaupokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Sikutegemea ungekumbuka njia ile. Umeusugua mpaka unang'aa, na alama umezichoma kwa waya wa moto, pete mbili safi kabisa. Fransisko alikuwa anakwaruza tu na kisu. Kumbe mwanafunzi amempita mwalimu. Shukuru aliunusa akasema unanuka mafuta ya ng'ombe. Nikamwambia huyo ni kaka yako Salaash, hata mbao anazipaka siagi.

Nikwambie ukweli, nililia kidogo. Nililia kwa uzuri.

Halafu nikapima, nikahesabu kama ulivyoelekeza, nikaenda darasani. Salaash, chumba cha Bi Hamisa ni kidogo. Tulipokuwa ndani yake siku ile sikukiona kidogo namna hii, lakini labda ni kwa sababu kilikuwa hakijaezekwa na mbingu ilikuwa inaingia. Nilipoweka kitanda cha watu wawili, mlango ukagonga kitanda. Nilipoweka kabati, dirisha likafichwa nusu. Mwalimu Abdi akatazama akasema, "Mama, huyu mwenye nyumba analaza wageni au anapanga mizigo?" Lakini akasema pia kwamba chumba kigumu ndicho kinachofundisha.

Basi nimehangaika nacho wiki nzima. Nimeugeuza mlango ufungukie nje. Kabati nimelitoa sakafuni, nikalifanya rafu juu ya kichwa cha kitanda. Meza inakunjwa ukutani kwa bawaba. Mwalimu anasema hapa kukosea ni bure, kuna kitufe cha kurudisha nyuma, na nimekibonyeza mpaka herufi yake imeanza kufutika. Rangi nimeweka ya maziwa, ili pawe peupe. Mwishoni chumba kikapumua. Vijana wakaja kutazama, na yule aliyedhani mimi ni mpishi akaniuliza nimewezaje ile meza.

Picha imechapwa. Nimeona nisikupitishie wewe, nimemtumia Bi Hamisa moja kwa moja kwa mkono wa Afisa, ili aone tunafanya kazi kwa haraka.

Jambo moja. Mama mmoja kutoka Chanika amekuja hapa kwa Yusta kununua vitambaa. Amesema anapita mbele ya karakana na hasikii msumeno. Je, ni kweli, au alipita saa ya chakula?

Ni mimi,
Mama Shukuru


Kwaluguru, Handeni
22 Machi 2001

Kwa shemeji Grasiana,

Salamu. Natumaini hujambo huko kwenu, wewe na mtoto. Sisi hatujambo, ila mvua zimechelewa.

Nakuandikia ili usije ukasikia kwa watu. Ulipoondoka na mtoto na godoro, nasi tukaelewa kwamba umerudi kwenu. Hatukukulaumu. Wewe bado una nguvu, na mdogo wangu hawezi kurudi. Mjane akibeba godoro lake, nani tena atamuuliza kitu? Ingawa nilitaka ungeniaga kwa mdomo wako.

Vifaa vya marehemu vyote nimevichukua, viko kwangu ndani ya sanduku: randa, misumeno, patasi, ile futi ya chuma na vinginevyo. Sikutaka viibwe. Yule kijana wa Kimaasai nimemwachia ufunguo mpaka Pasaka ipite. Baada ya hapo jengo atalichukua mnunuzi wa mahindi alifanye ghala. Kama kuna kitu chako kimebaki humo, sema.

Msalimie mama yako huko Vugiri.

Shemeji yako,
Ponsiano


Manundu, Korogwe
29 Machi 2001

Salaash,

Nimepata barua ya shemeji Ponsiano. Anasema vifaa vyote viko kwake, pamoja na futi.

Uliniandikia kwamba karakana ipo mahali pake. Naomba uniandikie sasa mambo yalivyo. Sikukasirikii. Nataka tu nijue nasimama wapi.

Grasiana


Manundu, Korogwe
29 Machi 2001

Shemeji Ponsiano,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea kwa kupitia Vugiri, na ninakushukuru kwa kuniandikia wewe mwenyewe.

Shemeji, sijarudi kwetu. Mama yangu yuko Vugiri na mimi niko Korogwe mjini, kwa dada, na sijapanda mlimani hata siku moja. Nimekuja kusoma. Najifunza kuchora vyumba kwa kompyuta, vyumba na vitu vya ndani, ili tupate kazi ya gesti ya Bi Hamisa. Godoro nililibeba kwa kuwa dada hakuwa na la kutulaza. Sikufikiri kwamba godoro linasema. Nilimwambia Salaash, nikawaambia majirani, na wewe uliye mkubwa wa nyumba sikuja Kwaluguru kukuaga. Hapo umenishika, na naomba radhi.

Lakini jengo lisitolewe. Fransisko aliweka kila mbao ya paa lile kwa mkono wake, nami nilikuwa chini namrushia misumari. Siombi uniachie kwa ajili ya kumbukumbu. Naomba uniachie kwa ajili ya kazi. Nisubiri mpaka Bi Hamisa atoe jibu lake. Akikataa, nitakuja mwenyewe kukukabidhi ufunguo.

Shemeji yako,
Grasiana


Chanika, Handeni
6 Aprili 2001

Mama Shukuru,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku kadhaa nikitafuta pa kuanzia. Nitaanza na vifaa.

Baba Ponsiano alikuja wiki ile ile uliyoondoka. Hakugomba. Alivifuta kimoja kimoja na kitambaa, akavipanga kwenye sanduku. Nilimwambia umeenda kusoma, akaniambia, "Kijana, mtu haendi shule na godoro." Nilishindwa kukuandikia kwa sababu ulikuwa ndio kwanza umeanza, nikajua ukisikia utapanda basi la kurudi. Kazi za msimu nilizokutajia ni kupiga misumari vitanda vya watu kwa nyundo ya kuazima. Yule mama wa vitambaa alisikia vizuri, msumeno haupo.

Na ufito pia haukuwa heshima kwa marehemu, Mama. Sikuwa na futi. Umeniandikia kwamba ulilia, na mimi nikaona aibu.

Sasa sikiliza la pili. Barua yako ilisema nimechoma alama kwa waya na kuusugua ufito mpaka unang'aa. Nikajiuliza, ni mimi huyo? Mimi nilikwaruza kwa kisu, na ufito ulikuwa mbichi. Kabla sijamaliza kuwaza, mlangoni akasimama Mzee Loishiye. Unamfahamu, ni rika la baba yangu, anakuja mjini kuuza ng'ombe. Hakunisalimia. Akauinua ufito wangu juu.

"Wewe Salaash," akasema, "nani amekata-kata fimbo hii kama muhogo?"

Nikamwambia, "Shikamoo, baba. Umeitoa wapi?"

"Nimepewa na konda, niliposhuka Sindeni, na leo ameniambia ni yako. Nilikuwa na fimbo yangu ya miaka, ina pete mbili, nimeipaka mafuta tangu hujatahiriwa. Yule konda amenivutia hii nyuma ya kiti, akaniambia haraka mzee, haraka. Nimefika mnadani nikaona mbona ndefu. Watu wananiuliza, Loishiye, siku hizi unachunga twiga?"

Mama, nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikakumbuka picha, nikaacha kucheka. Chumba cha Bi Hamisa umekichora kwa fimbo ya Mzee Loishiye. Nimezilinganisha kwa kumbukumbu yake, anasema ya kwake inamfika chini ya kwapa, na wangu unampita kichwa. Kila ukuta umepungua, na mlango ndio umekwisha kabisa.

Nikakimbia kwa Bi Hamisa. Nilimkuta na picha yako mkononi, na mafundi wawili wanaomjengea wanatazama. Akaniambia, "Salaash, ingia hapa. Grasiana amenichorea chumba cha kufungia mbuzi. Hii meza ya kukunjwa ni nzuri, sikatai. Lakini mlango huu, nitazame mimi, halafu utazame mlango, uniambie napitaje." Mafundi wakacheka. Nilipomweleza habari ya fimbo akacheka na yeye mpaka akafuta machozi, lakini alipomaliza akasema, "Kucheka nimecheka. Wale wa Tanga wanakuja mwisho wa Aprili. Kama kuna chumba kingine, kiwe hapa kabla yao."

Basi nimeazima futi ya kitambaa kwa fundi cherehani, na nimepima upya. Vipimo viko kwenye karatasi ya pili kwa sentimita. Nimepima kila kitu mara mbili, na mara ya pili alishika ncha ile nyingine Mzee Loishiye mwenyewe. Alisema anataka kuona ni chumba gani hicho kilichomwibia fimbo. Anaomba irudi kwa mkono wa mtu yeyote, isipokuwa Afisa.

Nisamehe kwa kukuficha.

Kijana wako,
Salaash


Manundu, Korogwe
17 Aprili 2001

Salaash mwanangu,

Nimekusamehe tangu nilipofika kwa twiga. Yusta alinisikia nacheka peke yangu chumbani, akaja kuniangalia. Sijacheka hivyo tangu mwaka jana. Fimbo ya mzee imeondoka leo na mwalimu mmoja anayehamia Handeni, mtu mzima, hana haraka.

Lakini naomba uniahidi jambo. Usinifiche tena ili nikae vizuri. Wakati wa ugonjwa wa Fransisko watu wote walinificha ili nikae vizuri, daktari, Yusta, hata yeye mwenyewe. Alikuwa akiniambia, "Leo nina nafuu," huku ameshika ukingo wa kitanda kwa vidole vyeupe. Sikupata muda wa kusema niliyotaka kusema. Habari mbaya ikija mapema, mtu anapata pa kuiweka.

Nimechora upya. Mwalimu Abdi aliponiona nafuta kuta zote akafikiri nimekata tamaa, nikamweleza, naye akawaeleza vijana, na sasa darasani kwetu mtu akikosea kipimo wanamwambia amechora kwa fimbo ya Loishiye. Mzee amekuwa maarufu Korogwe bila kupanda basi.

Kuta zilipokaa mahali pake pa kweli nilifurahi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Lakini ndipo nikagundua jambo. Sasa nafasi ilikuwapo, na mimi nikaanza kuijaza: kabati kubwa, meza ya kioo, viti viwili, zulia. Mwalimu alisimama tu nyuma yangu. Nikatazama nikaona ni chumba cha duka, siyo cha mtu aliyechoka na safari. Nikaanza kutoa. Meza ya kukunjwa nimeibakiza, maana hata Bi Hamisa aliipenda, na chini ya dirisha nimeweka benchi refu la kuwekea mizigo, ili mgeni asiweke begi lake kitandani. Kabati la mninga liko ukuta wa mlango. Mlango sasa anapita Bi Hamisa na mwenzake.

Umeme ulikatika mara mbili kabla sijahifadhi, nikaanza tena. Mara ya tatu nilijua kila kitu kwa mkono.

Shemeji hajanijibu. Pasaka imepita. Sijui kama nachora kwa ajili ya karakana au kwa ajili ya ghala la mahindi. Nachora tu.

Picha hizi tatu mpelekee wewe mwenyewe. Usiseme maneno mengi. Zitazame pamoja naye.

Ni mimi,
Mama Shukuru


Chanika, Handeni
29 Aprili 2001

Mama Shukuru,

Shikamoo. Uliniambia nisikufiche, kwa hiyo nakuandikia yote, na yale ya kutia hofu pia.

Siku ya kupeleka picha nilipofungua karakana asubuhi nilimkuta Baba Ponsiano amekaa nje juu ya gogo, baiskeli imeegemea ukuta. Nikajua amekuja kwa ajili ya ufunguo. Akaniuliza, "Bi Hamisa ametoa jibu?" Nikamwambia, ndiyo kwanza nampelekea picha. Akasema, "Twende." Njia nzima nilikuwa nahesabu mawe ya barabara.

Tulimkuta Bi Hamisa ndani ya chumba chenyewe, kimekwisha kuezekwa. Alichukua picha akaanza kuzunguka nayo. Anasimama kwenye kona, anatazama picha, anatazama ukuta. Baba Ponsiano alisimama mlangoni na kofia mkononi. Bi Hamisa akaketi hewani kidogo pale pa benchi, kama anajaribu, akasema, "Begi langu hapa." Akaenda pa kitanda akasema, "Miguu huku." Halafu akakunja uso.

"Hapa kuna kitu," akasema. "Salaash, mbona chumba changu kinatazamwa na mtu mrefu? Hii picha ya kabati, naona mpaka juu yake. Mimi sijawahi kuona juu ya kabati lolote tangu nizaliwe."

Ndipo Baba Ponsiano akaomba ile picha. Akaitazama muda mrefu. Akasema polepole, "Hivi ndivyo mdogo wangu alivyokuwa akiona." Basi. Akanirudishia.

Bi Hamisa akasema: "Mwambie Grasiana chumba hiki nampa. Akimaliza nikilala humo usiku mmoja na kikanipendeza, atafanya na vingine. Wale wa Tanga nitawapa ukumbi wa chakula, wamekwisha kupanda basi, siwezi kuwarudisha mikono mitupu. Lakini aniletee picha moja ninavyoona mimi, kwa urefu huu alionipa Mungu."

Tulipotoka Baba Ponsiano aliniambia mnunuzi wa mahindi atapata jengo jingine, Chanika ina majengo mengi. Sanduku la vifaa alikuwa amelifunga nyuma ya baiskeli muda wote, mimi kwa hofu sikuliona. Akasema nikuambie mambo mawili. La kwanza, kwamba atakapokuona atataka umwambie mbele ya wazee wa ukoo kuwa karakana unaiendesha wewe, ili asije mtu mwingine akasoma safari zako vibaya. La pili, kwamba mke wake anauliza kama kompyuta inaweza kuchora jiko.

Leo msumeno umelia kutwa nzima. Nilikuwa nakata kitu kisicho na maana, nilitaka tu majirani wasikie.

Kijana wako,
Salaash


Manundu, Korogwe
7 Mei 2001

Salaash mwanangu,

Barua yako Yusta alinisomea kwa sauti, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na unga. Alipofika kwa shemeji mlangoni na kofia, ilibidi apumzike.

Bi Hamisa ana jicho. Nikueleze ilivyokuwa. Ukimaliza kuchora, kabla hujaona chumba kwa ndani, programu inakuuliza macho ya anayetazama yako juu kiasi gani kutoka sakafuni. Siku ya kwanza Mwalimu Abdi alituambia kila mmoja ampime mwenzake ukutani. Vijana wakapimana kwa kelele. Mimi sikujipima. Niliandika urefu wa macho ya Fransisko, naujua kwa sababu kioo cha kunyolea alikitundika mwenyewe, na miaka yote nimekuwa nikisimama juu ya gogo la kuni ili nijione humo. Vyumba vyote nilivyochora tangu Februari nimeviona kutoka kwake. Hakuna aliyejua. Nilikuwa naingia asubuhi, nawasha, nasimama pale alipokuwa akisimama yeye, nazunguka. Sikuona kama nadanganya. Nilikuwa tu sijawa tayari kushuka.

Jana nimejipima. Shukuru ndiye aliyeshika penseli, akaweka alama ukutani kwa mama yake mkubwa, akasema, "Mama, kumbe wewe mfupi." Nikaandika namba yangu, nikaingia chumbani kwa Bi Hamisa. Mimi na yeye tunalingana karibu sawa, kwa hiyo picha yake na yangu ni moja.

Chumba ni kilekile lakini kimekaa vingine. Dirisha limepanda, miti ya ng'ambo ya barabara inaonekana vizuri zaidi, maana macho yanapita chini ya pazia. Benchi limekuwa kubwa. Na juu ya kabati sioni tena. Nilikaa nikitazama pale nisipopaona. Fransisko alikuwa anapaona, ndiyo maana nyumbani kwetu vumbi la juu ya kabati alilifuta yeye, na tangu afe sijawahi kulifuta, wala kulifikiria. Nani atalifuta kwa Bi Hamisa? Yeye hatapaona, mfanyakazi wake hatapaona, na mgeni mrefu atakayekuja atapaona siku ya kwanza.

Kwa hiyo nimebadilisha. Kabati sasa linapanda mpaka darini, hakuna juu yake. Sehemu ile ya juu ina milango midogo ya kuwekea mablanketi ya ziada. Mwalimu Abdi alitazama, akaniuliza nimelitoa wapi wazo hilo. Nikamwambia, kwa ufupi wangu.

Mwambie shemeji nitasimama mbele ya wazee, na maneno ninayo. Mke wake mwambie anipimie jiko, lakini aanze na mahali anaposimama akikoroga ugali, kuta zitafuata baadaye.

Karatasi ya kabati jipya iko humu ndani. Mbao za pembeni zitakuwa ndefu kuliko ulizozoea, chagua zilizonyooka, zisiwe na vifundo. Nakuja na basi la Jumamosi. Wewe usinisubiri, anza kukata.

Grasiana